Mtunzi wa Wimbo wa Kabula

Juma lililopita fundi alikuja kanisani kwetu hapa Geita kuangalia amplifaya ya kwaya, iliyokuwa imeanza kunguruma yenyewe katikati ya misa. Alifungua kifuniko, akaiwasha ikiwa wazi, na vumbi lililojaa ndani likaanza kuungua taratibu. Wanakwaya wenzangu walikohoa wakasogea dirishani. Mimi nilibaki palepale nikiivuta harufu ile, kisha hasira ikanipanda, hasira ya zamani kabisa, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka fundi alipomaliza.

Harufu ile kwangu ni Radi Jazz. Ilikuwa bendi ndogo ya mjini Shinyanga, na ukiisikia leo redioni ni kwa wimbo mmoja tu. Kila unapopigwa, mtangazaji kijana hutuambia jinsi nyimbo za enzi zetu zilivyokuwa na adabu, na ninyi wa rika langu mnatikisa vichwa kukubali. Mimi sikubali. Wimbo ule nilikuwepo ulipozaliwa. Nimenyamaza miaka mingi ili nisiwaharibie watu starehe yao, na kunyamaza kwenyewe kumenichosha.

Tulikaa Ngokolo, mtaa wa Shinyanga mjini. Baba alifanya kazi reli, lakini kwao hasa ni Runzewe, kwa Wasumbwa. Ng'ambo ya njia, katika chumba cha uani cha nyumba ya jirani, alipanga kijana mmoja mrefu aliyeitwa Festo, mpiga gitaa la solo wa Radi Jazz. Asubuhi alikaa kizingitini na gitaa kavu, lisilotumia umeme, anapiga polepole kama mtu anayechambua mchele, na mimi nilichelewa shule kwa sababu yake mara nyingi kuliko nilivyowahi kukiri.

Nilikuwa darasa la tatu. Bendi ilifanya mazoezi ukumbini mchana, siku mbili kwa juma, nasi watoto tuling'ang'ania dirisha lililovunjika kioo. Kabla ya sauti yoyote kutoka, amplifaya zilipata moto, na vumbi jekundu la mji wetu likaungua humo ndani. Nilipenyeza pua dirishani niivute harufu ile. Mtindo wao waliuita Tikisa Vumbi. Nilijua kwamba mpiga besi hufumba macho anapokosea, na kwamba mpiga saksafoni hunywa yai bichi kabla ya kuanza, na solo zote za Festo nilizijua kwa mdomo, noti kwa noti. Nilikuwa na daftari la hesabu ambalo halikuwa na hesabu hata moja, lilikuwa na maneno ya nyimbo zao yote.

Darasani nilikaa na Modesta, ambaye kaka yake alikuwa Dar es Salaam. Kwa Modesta, bendi ni za Dar tu.

"Radi yenu hata sahani za santuri hawana," alinitania. "Hata redioni hawajulikani."

"Sahani za nini? Mimi nawasikia wenyewe."

"Unawachungulia dirishani kama mbuzi."

Tulipigana, tukachapwa wote wawili, na nilirudi nyumbani sare imechanika begani, nikiona fahari kwa kuumia kwa ajili ya watu ambao hawakujua jina langu. Bendi za Dar zilikuwa za kila mtu. Radi Jazz ilikuwa yangu.

Mwaka ule shangazi yangu, dada yake baba, alitujia kutoka Runzewe na mwanawe mgongoni. Mtoto aliitwa Kabula, jina la aliyezaliwa wakati wa mvua. Alikuwa na miaka minne, mkubwa wa kubebwa, lakini surua ilikuwa imemlegeza, macho yamevimba, midomo imepasuka. Walilala kwetu siku moja, kesho yake baba akawapeleka hospitali ya Kolandoto. Baada ya siku chache shangazi alirudi na kanga ile ile ya kubebea imekunjwa vizuri mkononi. Barabara ya Runzewe ilikuwa imekatika kwa mvua. Kabula alizikwa hukohuko Kolandoto.

Shangazi alikataa kurudi kwao. "Nimwache na nani hapa?" alimwambia baba. "Mwanangu hamjui mtu." Akabaki kwetu, akifua, akitwanga, na kila alipoweza akienda Kolandoto kwa miguu.

Na aliimba. Aliimba anapofanya kazi, kwa sauti ya chini, wimbo mmoja tu, kwa Kisumbwa. Nilielewa Kisumbwa vizuri kuliko nilivyokizungumza. Mvua ilipogonga bati, aliacha mchi, akasimama mlangoni, akaimba akitazama nje: Kabula, mvua hiyo, uko nje, nani atakufunika? Halafu: udongo wa Kolandoto mzito, uambie ukuachie, uje. Hapo kwenye "uje" sauti ilipanda mara moja, ikakaa juu, ikashuka kwa hatua tatu. Mama alisema anamwombea shangazi asirukwe na akili. Mimi niliusikia wimbo tu. Ulikuwa mzuri kuliko wimbo wowote wa kwenye daftari langu.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia mbele ya nyumba huku nauimba bila kujua kama nauimba. Gitaa la Festo likanyamaza.

"We binti. Hebu njoo."

Nilivuka njia na ufagio mkononi. "Shikamoo, kaka Festo."

"Marahaba. Unaimba nini hicho?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza nami. Nilimwimbia wote. Akatikisa kichwa. "Kisumbwa hicho. Kwa Kiswahili inakuwaje?"

Nikamwambia mstari kwa mstari. Alipouliza Kabula ni nani, nikamwambia ni mtoto wa shangazi, amekufa kwa surua, amezikwa Kolandoto, na shangazi anaogopa mwanawe ananyeshewa. Festo aliinamia gitaa. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuutafuta ule mpando wa "uje", na vikaupata.

"Wimbo huu usipotee," alisema. "Tutakwenda nao Dar es Salaam, kwenye redio. Mimi nitakuwa mtunzi wake."

Hapo ndipo palipo na kosa langu, na nimelibeba mpaka leo. Mtunzi, kwangu, alikuwa mtu anayetunza. Mama alitunza nguo za Jumapili kwenye sanduku. Katekista alitunza funguo za kanisa. Nilidhani Festo ananiambia kwamba atautunza wimbo wa Kabula, hautachafuka wala kupotea, na mwenyewe atakapoutaka ataukuta. Nilimwambia asante. Nilimwambia asante mara mbili.

Radi Jazz walipanda treni kwenda Dar kurekodi, mara yao ya kwanza. Nilikwenda stesheni kuwaona wakipakia ngoma na maspika. Kwa majuma yote ambayo hawakuwepo nilitembea na siri tumboni. Nilijua watangazaji husema pole kwa wafiwa, nimewasikia. Nikajipangia mwenyewe jinsi itakavyokuwa: wimbo utapigwa, nchi nzima itanyamaza, watu wa Mtwara na Bukoba watajua kuna mtoto anayeitwa Kabula, na shangazi hatakuwa peke yake tena.

Festo aliporudi, alimwambia kila mtu mtaani siku ya kusikiliza. Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Baba alitoa redio nje akaiweka juu ya kiti. Majirani wakajaa. Shangazi alikuwa uani anaosha masufuria, nami nilikwenda kumvuta mkono.

"Shangazi, njoo. Kuna zawadi yako."

"Zawadi gani? Mikono ina majivu."

"Njoo tu."

Alikuja akijifuta kwenye kanga. Mtangazaji akasema, sasa ni wageni wetu kutoka Shinyanga, Radi Jazz, na wimbo wao Kabula, mtunzi na mpiga solo ni Festo. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama shangazi. Aliposikia jina la mwanawe likitoka redioni alifungua mdomo kidogo, kama mtu anayetaka kuitika.

Kisha tumba zikaingia, za haraka, na saksafoni juu yake, na watu wakaanza kutikisika kabla maneno hayajaanza. Waimbaji wawili wakaimba kwa kupokezana: Kabula, mvua hiyo, uko nje na nani, nani anakufunika? Mmoja akacheka ndani ya wimbo, lile cheko la baa. Dereva wa Kolandoto mzito, mwambie akuachie, uje!

Kabula alikuwa na miaka minne. Walikuwa wamemfanya malaya wa dereva.

Wanawake wa jirani walikuwa wanacheza. Baba alikuwa anatabasamu bado, hajaelewa vizuri, mguu unapiga chini. Mama ndiye aliyefika haraka akazima redio, na watu wakalalamika, wakadhani betri imekwisha. Shangazi aliinama akaokota kopo lililoangushwa na mtu, akaliweka juu ya ukuta, akarudi uani kwenye masufuria yake.

Nataka niwe mkweli, maana bila hivyo hasira yangu ni bure. Solo ile ilikuwa nzuri. Festo aliuchukua ule mpando wa "uje" akaupiga kwa nyuzi mbili pamoja, akaushusha hatua tatu vilevile kama shangazi, na nilipousikia nywele zilinisimama. Mpaka leo zinanisimama. Hilo pia sijawasamehe.

Kesho yake wimbo ulikuwa bombani. Wasichana wakijaza ndoo wakaimba "uko nje na nani", wakikata viuno, na shangazi amesimama kwenye foleni katikati yao na ndoo yake. Alijaza, akajitwisha, akaondoka. Nilimfuata nyuma. Nyumbani alitua ndoo akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Labda mtu alinisikia ukutani," alisema, kama anazungumza na miguu yake. "Hakusikia vizuri. Kisumbwa hawakijui. Akadhani ni wimbo wa mapenzi. Watu hawana ubaya, hawakujua tu."

Ningeweza kuliacha hivyo. Alikuwa amejipatia mahali pa kukaa na jambo lile, na mimi ndiye niliyemwondoa. Nililia kwanza, halafu nikasema yote: ufagio, kizingiti, Kiswahili mstari kwa mstari.

Hakunigombeza. Aliniuliza taratibu, "Ulimwambia ni mtoto?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia amekufa?"

"Ndiyo, shangazi. Na Kolandoto nilimwambia. Na udongo."

"Udongo walitoa wakaweka dereva," alisema. "Kwa hiyo walijua."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Majonzi niliyoyazoea yaliondoka, na nyuma yake alikuwako mwanamke nisiyemjua, mdogo kwa umri kuliko nilivyofikiri, aliyekasirika kabisa.

Baba alimkataza asiende. Alisema wimbo umeshatoka, na kelele zitauongezea sifa, na isitoshe watu wanausifu mji wetu. "Ni jina tu, dada. Makabula wako wengi."

"Wa kwangu alikuwa mmoja," alisema shangazi.

Siku ya mazoezi alivaa gauni la kanisani, akanishika mkono, tukaenda ukumbini. Mara ya kwanza maishani mwangu niliingia kwa mlango. Nilikuwa nimeota siku hiyo kwa miaka: kusimama karibu kiasi cha kuona jasho kwenye gitaa. Amplifaya zilikuwa zimeshapata moto na ile harufu ilijaa ukumbi mzima. Mpiga besi alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana dirishani.

Festo alimwona akaweka gitaa chini. "Shikamoo, mama."

Shangazi hakuitikia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiacha shikamoo ikaanguka chini. Festo alitazama sakafu kana kwamba angeweza kuiona hapo.

"Mmemwimba mwanangu," alisema shangazi. "Sikuja kugombana. Muziki kaeni nao. Mtoeni mtoto wangu humo ndani. Wekeni jina lingine."

Mwenye bendi, mtu mnene tuliyemwita Meneja, alitoka nyuma ya spika akiwa na tabasamu la kupokelea wageni. Alimwita shangazi mama yangu. Alisema wimbo umesharekodiwa, uko kwenye mkanda huko Dar, na mkanda haufutwi. Alisema wananchi wameupokea vizuri. Halafu akasema kwamba, kwa heshima yake, kila atakapotaka kuja dansini, mlangoni wataambiwa wamwachie apite bure.

"Nije kucheza?" aliuliza shangazi.

Mmoja wa waimbaji alicheka puani, yule yule wa kwenye wimbo, akajifanya anakohoa.

Shangazi akamgeukia Festo. "Wewe ndiye uliyeambiwa. Uliambiwa amekufa, ukaambiwa amezikwa wapi."

Nilimtazama Festo. Naapa kwamba mpaka sekunde ile nilikuwa bado upande wake. Nilitegemea aseme kwamba Meneja ndiye aliyebadilisha maneno, kwamba yeye aliutunza vizuri wakamnyang'anya. Ningemwamini. Ningemwamini mpaka leo.

Alininyooshea kidole. "Lakini mama, huyu mtoto ndiye aliyetupatia wimbo. Kaniimbia mwenyewe. Kama kuna kosa, muulize yeye."

Amplifaya ziliendelea kunguruma. Shangazi aliuzungusha mkono wake mabegani mwangu, akanisogeza mbele kidogo ili wote wanione.

"Huyu ana miaka tisa," alisema. "Wewe una mingapi?"

Mpiga besi alikuwa amefumba macho. Shangazi alisubiri, nadhani kwa heshima, kama mtu aliyeuliza swali anavyosubiri jibu, na alipoona halitoki, tukaondoka. Hatujafika barabarani wakaanza tena mazoezi, wimbo mwingine.

Hakuna kilichobadilika. Jina halikutolewa. Wimbo ulivuma msimu mzima wa pamba, ukapigwa kwenye mabasi na harusini, na Modesta, yule yule, alinijia akaniambia kumbe Radi si wabaya, akaniuliza kama ningeweza kumwazima daftari langu. Nilimpa lote, sikulitaka tena. Festo alihama Ngokolo akaenda kwenye bendi kubwa. Watu walisema amefanikiwa, na ni kweli alifanikiwa.

Shangazi alirudi Runzewe barabara ilipokauka. Hakuuimba tena ule wimbo. Huo ndio wizi wenyewe, na ndilo jambo nisilowahi kumweleza mtu anayeniambia kwamba wimbo ni sauti tu, ukiimbwa na mwingine haupungui. Ulipungua. Mvua iliponyesha alisimama mlangoni akatazama nje, mdomo umefungwa, kwa sababu maneno yaliyokuwa yake sasa yalikuwa na cheko la mwanamume ndani.

Nilipokuwa sekondari nilikwenda kumtembelea likizo. Alikuwa na mume na watoto wawili wadogo wa kiume, wazima wa afya, wenye kelele. Tulikwenda dukani kununua chumvi na mafuta ya taa. Dukani palikuwa na redio, na vijana watatu wanakunywa soda, na kama inavyokuwa siku zote, wimbo ukaanza. Kijana mmoja akaweka chupa chini akacheza. Alikuwa hodari kweli. Nilimshika shangazi kiwiko nikitaka tutoke.

Akaukwepa mkono wangu. Alimsogelea yule kijana mpaka akaacha kucheza.

"Mwanangu," alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "huyo Kabula ni mtoto wangu. Hakuwa na dereva. Alikufa kwa surua, ana miaka minne, amezikwa Kolandoto. Nilimwimbia mimi huo wimbo."

Kijana alitazama wenzake, kisha redio, kisha viatu vyake. Aliona haya mpaka nikamhurumia. "Samahani, mama. Mimi sikujua."

"Najua hukujua," alisema shangazi. "Sasa unajua."

Mwenye duka alizima redio bila kuombwa. Tulinunua chumvi na mafuta yetu. Njiani nilimuuliza kama ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya vile, akanicheka. Alisema ameshafanya kwenye basi la Ushirombo, na sokoni, na harusini kwa watu, ambako nusura yeye na mumewe watolewe nje. Wengine humwita kichaa. Wengine husema pole.

"Utawaambia wangapi, shangazi? Wimbo uko nchi nzima."

"Nitakaowakuta," alisema, akahamisha mafuta ya taa mkono wa pili, tukaendelea na njia.